Kisima Hakisomwi Darasani

Nusu ya digrii yangu ya afya ya mazingira niliipata Mukumu, huko Kakamega, magharibi mwa Kenya, visimani na kwenye matangi ya maji, na nusu hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo. Ile nyingine ya darasani ninaiheshimu, maana bila hiyo nisingejua ninachokitafuta. Lakini kujua kitu na kukiweza ni safari mbili.

Chuoni tulisoma bakteria wa majini. Nilikuwa nikiwataja kwa majina yao ya kisayansi na kueleza wanavyopenya utumbo, ila mkono wangu haukuwa umewahi kuchota sampuli hata moja. Wakati wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, nikakabidhiwa kwa mtaalamu wa maabara aliyekuwa na cheti tu, mtu mzima mwenye maneno machache. Alinifunza kufungua bomba maji yatiririke kwanza, kuuchoma mdomo wa bomba kwa moto, kushika kifuniko cha chupa pasipo kidole kugusa ndani, na kuandika saa na mahali papo hapo. Kisha chupa ikae kwenye barafu na ifike maabara siku hiyo hiyo. Hatua moja ikirukwa, jibu litakalotoka litapigwa muhuri na kusainiwa, na bado litakuwa uongo.

Kisimani mambo yalikuwa mengi zaidi. Ilibidi nitazame choo kiko upande gani wa mteremko, ng'ombe wanapita wapi, na mfereji wa mvua unaelekea wapi, kwa kuwa Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima na maji ya juu huingia popote penye ufa. Na ilibidi niwaulize watu. Kina mama waliochota pale tangu wakiwa wasichana walijua ni kisima kipi hubadilika rangi baada ya mvua kubwa, jambo ambalo kipimo cha siku moja hakiwezi kukuambia. Lakini huwezi kumfikia mama na kalamu mkononi na kuanza kumhoji. Unamsalimu mulembe, unamsaidia kujitwisha mtungi, unangoja. Hakuna aliyenipa alama kwa kungoja huko, na sidhani kama nimejifunza kitu kilicho kikubwa zaidi katika kazi hii.

Aprili 2023 shule ya wasichana ya Sacred Heart Mukumu ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua. Wasichana walifariki, na mwalimu wao mmoja pia. Wizara ya Afya ilieleza kuwa vipimo vilionyesha E. koli na salmonela. Haya ndiyo majina tuliyoyakariri kwa ajili ya mtihani. Sisemi ili kumnyooshea mtu yeyote kidole. Nasema kwa sababu tangu mwezi ule siwezi kumvumilia mwanafunzi wa afya anayehitimu bila kujua kuchota sampuli ya maji.

Wala si wanafunzi wa afya peke yao wanaohitaji kujifunza nje ya darasa. Ng'ambo ya Shinyalu, huko Isecheno kando ya Msitu wa Kakamega, wakulima wa kundi la Muliru hupanda mmea uitwao Ocimum kilimandscharicum, huchemsha majani yake kwa mvuke na kutoa mafuta yenye kafuri ya kutengenezea dawa ya kuchua, Naturub. Walishirikiana na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na mwaka 2010 wakashinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwanafunzi wa kemia, wa biashara au wa misitu ana walimu pale.

Watu wa Magharibi ya Kenya walijua zamani kwamba elimu huanzia mikononi. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega kilitokana na WECO, chuo cha ufundi walichokijenga kwa harambee miaka ya 1970. Kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na baadaye chuo kikuu kamili. Chini ya digrii zake zote kuna karakana.

Ndiyo maana nahuzunika ninapowaona vijana wakimaliza miezi mitatu ya atachimenti wakitoa nakala za karatasi na kutumwa chai, huku mzazi akilipa kodi ya chumba na nauli. Mhadhiri huja mara moja, akakagua daftari, akasaini, akaondoka. Huo ni upotevu wa pesa za wazazi, na ni upotevu mbaya zaidi wa umri wa mtoto.

Wewe mkuu wa idara, sista wa wodi, fundi mwenye karakana, nakuomba: mpe mwanafunzi uliyempokea kazi ambayo ikiharibika mtu ataumia, kisha simama karibu naye mpaka aiweze.