Gongo Lisilo na Jina Kubwa

Mjini Sherbrooke, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, gongo la hoki ya barafuni lilikuwa bidhaa ya kwao. Kampuni ya Sher-Wood ilianzia hapo mwaka 1949, na gongo lake la mbao, PMP 5030, lilifika mikononi mwa Guy Lafleur, nyota wa Montreal Canadiens miaka ya 1970. Mji huohuo baadaye ulipokea familia nyingi za Wakongo na Warundi zilizokimbia vita vya Maziwa Makuu. Miongoni mwao alikuwamo fundi magari mmoja, mzaliwa wa Bukavu, aliyefika mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mkewe na mtoto wa kiume. Haukupita muda, mtoto akaanza kudai gongo kama la wenzake.

La kwanza lilikuwa la mbao: tabaka zilizogundishwa, zikakazwa kwa faibaglasi. Lilikuwa zito, lakini bei yake haikumtisha mtu anayelipwa kwa saa. Tena lilikufa polepole. Bapa, ile sehemu ya chini inayopiga, lilianza kuchanika nyuzi, likalegea, na fundi akapata nafasi ya kulitia gundi, kulizungushia utepe na kulirudisha uwanjani.

Wakati huo mambo yalikuwa yameshabadilika. Kampuni ya Easton ilikuwa imeleta magongo ya aluminiamu tangu miaka ya 1980, na nyota Wayne Gretzky alipoacha la mbao mwaka 1990 akashika la metali hiyo nyepesi, wengi walimfuata. Kisha Easton haohao wakatoa Synergy, gongo la nyuzi za kaboni ambalo mpini na bapa ni kipande kimoja, likiwa na uzito usiofika gramu 500. Siri yake ilikuwa katika kupinda. Mchezaji anayepiga kwa nguvu hugusa barafu kwanza, nyuma kidogo ya paki, kile kisahani kinachochezewa. Mpini hupinda, kisha hufyatuka na kuisukuma paki mbele. Mbao nayo hupinda, ila kaboni hurudi upesi zaidi, na gongo la leo hufanana na la kesho. Mti hauna uhakika huo.

Bei ikapaa. Leo gongo la daraja la juu la Bauer au CCM, la mtu mzima, huuzwa zaidi ya dola 400 za Kanada. Sher-Wood wenyewe waliacha kujitengenezea magongo yao ya mbao, na mwaka 2018 jina hilo likanunuliwa na kampuni ya maduka ya Canadian Tire. Kwa familia ya kipato cha chini bei hiyo ni jambo zito, kwa sababu bado kuna viatu vya barafu, kofia ngumu, ada na petroli ya safari za mechi.

Kijana alipobalehe, baba alifanya kazi za ziada akamnunulia gongo la jina kubwa. Halikumaliza msimu. Lilipigwa na gongo la mpinzani, na katika shambulio lililofuata likakatika juu kidogo ya bapa, bila kutoa dalili yoyote. “Papa, limekatika lenyewe,” kijana alisema, akimpa vipande viwili.

Baba hakuvitupa. Alivikagua gereji chini ya taa, akaona mpini ni bomba tupu lenye kuta nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Hivyo ndivyo magongo haya yanavyoundwa: shuka za nyuzi za kaboni zilizolowekwa gundi ya epoksi huviringwa, huwekwa ndani ya kalibu ya chuma, hutiwa hewa kwa ndani na kuokwa kwa joto. Kadiri kuta zinavyopunguzwa ili gramu zishuke, ndivyo pigo dogo linavyoacha ufa usioonekana. Mtoto wa daraja la mtaani analipia wepesi ambao pengine hata hauhisi mkononi.

Ndipo alipoanza kuwatazama watengenezaji wasiojulikana. Hadithi ya True ilimpa moyo: True Temper, kampuni ya Memphis inayofahamika kwa mipini ya gofu, iliwatengenezea wengine magongo kabla ya kuuza kwa jina lake mwaka 2014. Jina geni, basi, halimaanishi mikono migeni. Wala halithibitishi ubora, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa makini.

Cha kwanza baba anachosoma ni namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye mpini, yaani ratili zinazohitajika kuupinda kwa inchi moja. Kanuni ya wachezaji ni nusu ya uzito wa mwili kwa ratili. Anayejipima kwa kilo atafute namba iliyo karibu na uzito wake. Kijana wa kilo 55 akipewa gongo la 85 kwa sababu lipo kwenye punguzo, atakuwa anasukuma nguzo. Kisha anaangalia mkunjo wa bapa, na dhamana: siku 30 ni kawaida, na kampuni ndogo inayotoa zaidi ya hapo inastahili kusikilizwa. Uzito uliotangazwa anauhakiki kwa mizani ya jikoni.

Kukata ni kazi ya baba. Gongo husimamishwa mbele ya mchezaji aliyevaa viatu vya barafu, alama hutiwa usawa wa kidevu, naye baba huvaa barakoa kwa ajili ya vumbi la kaboni, hufunga utepe juu ya alama ili nyuzi zisichanike, na kupitisha msumeno wa chuma taratibu. Kila inchi inayoondoka huongeza ugumu wa mpini, kwa hiyo anapojua atakata sana hununua laini zaidi tangu mwanzo.

Sasa anayecheza ni binti yake mdogo. Kila mwaka hununuliwa magongo mawili ya aina moja kutoka kampuni ndogo, yote mawili kwa bei isiyofika ya lile moja lililokatika, ili likivunjika la kwanza katikati ya mechi ashike la pili lenye bapa na ugumu uleule. Kaka yake, mshambuliaji, alipenda mpini unaopinda chini ili paki itoke upesi. Yeye ni beki, na amechagua unaopinda katikati kwa mapigo mazito ya mbali.