Ufuko wa Barafu Juu ya Kirinyaga

Watu husikia habari za ncha za dunia, ambako wataalamu hukaa kando ya fuko za mawe na barafu wakipima baridi. Mkulima wa Nyeri hana haja ya kusafiri mbali hivyo. Akipanda kwa njia ya Naro Moru, akavuka msitu, mianzi na bonde la Teleki, mwishowe atafika penye kijiziwa chini ya barafu iitwayo Lewis. Ufukweni hapana mchanga wala mti, ila changarawe na upepo ukatao masikio, ingawa Ikweta i karibu.

Wataalamu waliipima barafu hiyo mwaka 1934, kisha tena mwaka 1957 na 1958. Kufikia mwaka 2010 ilikuwa imekwisha poteza sehemu tisa katika kila kumi za ujazo wake wa 1934. Upande wa kaskazini magharibi wa mlima, kwenye mita 3,678, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo cha kuichunguza hewa yenyewe.

Wako wasemao kwamba barafu ikiisha, mito nayo itakauka. Sivyo hasa. Barafu ile ni ndogo mno. Mito yetu hulishwa na mvua, na msitu huyatunza maji ardhini. Barafu ni shahidi tu kwamba joto limezidi. Mkulima hawezi kuizuia isiyeyuke, lakini mti ulio kando ya mto wake umo mikononi mwake, na shoka pia.