Karura: Msitu wa Miguu na Magurudumu

Njia ya kijijini kwako hupitwa na nani? Hupitwa na mama aliyebeba kuni. Hupitwa na watoto wa shule. Hupitwa pia na mtu wa baiskeli anayewahisha maziwa kabla hayajaganda. Njia yao ni moja, na kila mmoja ana haraka yake. Leo twende mahali penye jambo kama hilo, ila wengi wa wapitaji wake hawakubeba mzigo. Wamekuja kujiburudisha.

Mahali penyewe ni msitu wa Karura, Nairobi. Ukitoka katikati ya jiji, shika barabara ya Limuru au ya Kiambu. Ni kilomita chache tu. Mara unaona miti, na kelele za magari zimebaki nyuma. Msitu huu una ukubwa wa hekta 1,000 hivi, yaani kama eka 2,500. Ndani yake mna mito, mapango na maporomoko ya maji. Wamo kima. Wamo pia mbega wenye manyoya meusi na meupe, ambao walihamishiwa huko kutoka Kipipiri kuanzia mwaka 2014. Na katikati ya miti hiyo zimepita njia za udongo mwekundu. Ukiziunganisha zote, ni zaidi ya kilomita 50.

Asubuhi na mapema watu huanza kuingia. Wengine hutembea polepole. Wengine hukimbia. Huenda utauliza, mtu anakimbia nini na hafukuzwi? Watu wengi wa mjini hukaa kitini kutwa nzima. Hawalimi, wala hawaendi kisimani. Mwili usipofanya kazi hukaribisha maradhi, kama kisukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo hukimbia. Wengine huendesha baiskeli kwa sababu hiyo hiyo, na asiye na baiskeli huweza kukodi.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtu anayekimbia huenda kama kilomita 10 kwa saa. Baiskeli ikiteremka mlima hufika kilomita 25 kwa saa bila taabu. Mwendo huo ni karibu mita 7 kwa kila sekunde. Sasa fikiri. Mwenye baiskeli anatokea kwenye kona, kichaka kimemziba. Mbele yake, mita 10 tu, kuna mama anayekimbia na mtoto wake. Kabla hajakamata breki, baiskeli imekwisha kwenda mita 7. Akikamata, magurudumu yanateleza juu ya changarawe, na mita nyingine 6 zinakwisha. Wataumia wote.

Tena baiskeli nzuri haina kelele. Anayekimbia husikia pumzi zake mwenyewe, na vijana wengine huziba masikio kwa muziki.

Ndiyo sababu njia za Karura hazikuachwa hivi hivi. Nyingine zimeruhusiwa baiskeli, nyingine ni za miguu peke yake. Kwenye njia panda kuna namba. Ukisoma namba unajua ulipo. Kwa asiyesoma, ile nguzo ni kipande cha mti tu.

Kwenye njia za pamoja, desturi njema ni kwamba mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu. Yeye ndiye mwenye chombo, na chombo ndicho kinacholeta hatari. Hupunguza mwendo kabla ya kona. Hupiga kengele akiwa bado mbali, kwani kengele ikilia ghafla mgongoni, mtu huruka upande usiofaa. Au husema kwa mdomo, "Napita kulia!" Wenye miguu nao wana wajibu wao. Washike kushoto. Wasitembee wanne bega kwa bega kama waendao arusini. Mtoto ashikwe mkono.

Wa baiskeli hulalamika kwamba wenzao huziba njia. Wa miguu hulalamika kwamba wenzao wamegeuza msitu kuwa uwanja wa mashindano. Mimi nawasadiki wote. Lakini malalamiko ya yule anayeweza kuvunjwa mguu ndiyo yasikilizwe kwanza.

Wakati wa mvua kuna tatizo jingine. Udongo mwekundu ukilowa hunata. Gurudumu hukata mfereji, na maji hufuata mfereji huo. Wewe mkulima unajua korongo huanzaje. Wakimbiaji nao hukwepa tope kwa kukanyaga pembeni. Leo wanakanyaga hapa, kesho pale, na njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu. Miche iliyokuwa pembeni imekufa. Hapa hakuna wa kumcheka mwenzake. Afadhali kupita katikati ya tope na kuosha viatu nyumbani, au kungoja njia ikauke.

Miche hiyo ina historia. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu zimegawiwa watu wa kujenga majumba. Wangari Maathai na wenzake wakapinga. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mti, wakapigwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Baadaye mwaka huo huo Rais Moi alipiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata hivyo, watu waliendelea kuogopa Karura kwa sababu ya majambazi. Ulipozungushwa ua wa umeme na kuwekwa walinzi kutoka vijiji vya jirani, ndipo njia zikaanza kujaa watu. Sasa wanawake hukimbia humo peke yao.

Ukipata safari ya Nairobi, nenda ukaone. Jumamosi na Jumapili watu ni wengi, kwa hiyo chagua siku ya kazi. Beba maji ya kunywa. Langoni uliza njia ya maporomoko. Mteremko wa kushukia ni mkali, na mwenye baiskeli huiacha juu akashuka kwa miguu kama wewe. Anza kurudi jua likingali juu, maana malango hufungwa jioni. Na ukisikia kengele nyuma yako, shika kushoto.