Glasi Zilizopauka

Kwa muda wa miaka 3 nilikuwa na deni la shilingi 15,000, na mwenye kunidai hakuja kunidai hata siku moja. Mashine ya kuosha vyombo ndiyo iliyonikumbusha.

Nyumba yetu ipo pembeni ya mji wa Tabora, upande wa Kwihara, karibu na njia iendayo kwenye tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Maji ya Ziwa Victoria, ya mradi uliozinduliwa mwaka 2021, yamewafikia wengi mjini, lakini sisi tunatumia kisima. Maji yake ni maangavu, ila yana chokaa nyingi. Birika likitumika mwezi mmoja tu, ndani hushika ukoko mweupe kama ganda la yai. Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika huku kwetu, na kambi zilipangwa kwa kufuata maji. Nadhani mpagazi yeyote angeyatambua maji yangu kwa ulimi. Mimi niliuona ukoko ule kila asubuhi nikitengeneza chai, wala haukunifundisha kitu.

Wakati huo tulikuwa na binti wa kutusaidia kazi, mwenye umri wa miaka 20, kutoka wilaya ya Sikonge. Alikuwa msafi, mkimya, mwenye heshima. Nilikuwa nimenunua glasi 12 kwa ajili ya ugeni wa kwaya, na baada ya miezi miwili zikapauka zote, zikawa kama zimepuliziwa moshi. Nikamwita jikoni.

"Unazisugua na nini hizi?"

"Na sponji, mama."

"Usinidanganye. Huu ni mchanga, au ni stilwaya."

Akainamisha kichwa. "Labda ni maji, mama."

Nilimjibu kwamba tangu dunia iumbwe maji hayajawahi kukwaruza glasi. Mwisho wa mwezi nikamkata shilingi 15,000. Haikupita muda, kitinda mimba wangu akaharisha siku 4. Nikanusa sahani kabatini, nikasikia harufu ya dagaa, na kidole kikateleza kwa mafuta. Basi nikamwambia afungashe.

Kazini mimi ni muuguzi. Wanafunzi wanaokuja wodini nawaambia kila siku wasimpe mgonjwa dawa kabla ya kumsikiliza na kumpima. Nyumbani kwangu sikumsikiliza mtu wala kupima chochote. Kuhara kwa mtoto kuna sababu nyingi, na mpaka leo sijui ni ipi iliyompata mwanangu.

Mwaka uliofuata wifi yangu wa Dar es Salaam alihamia nyumba ndogo, akatuletea mashine yake. Majirani walikuja kuitazama kama walivyokuja kutazama televisheni yetu ya kwanza. Siku ya kwanza nilitia sabuni ya maji tunayooshea vyombo kwa mkono, vijiko viwili tu. Baada ya robo saa povu lilikuwa limepita mlangoni, limefika sebuleni, na watoto wanashangilia! Ile sabuni imetengenezwa ili itoe povu, na mashine hii haitaki povu kabisa, ina sabuni yake. Nilizima umeme ukutani, nikakomba povu kwa kikombe, kisha nikaiendesha tupu kwa maji baridi mara mbili.

Niseme hapa jambo la kiuguzi kabla sijasahau. Sabuni ya mashine hizi ni kali, huunguza mdomo na koo. Iwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto akiimeza usimtapishe, kwa maana itamuunguza tena ikirudi. Msukutulishe kinywa kwa maji, kisha mkimbize hospitali pamoja na pakiti yake.

Wiki ya pili vyombo vya rafu ya juu vikawa vinatoka vichafu. Fundi wa majokofu alikuja, akatazama, akaondoka na nauli yake. Mume wangu ndiye aliyegundua kwamba tangi letu lilikaa juu ya matofali, kimo cha mtoto, kwa hiyo maji yaliingia kwa unyonge. Tulijenga mnara wa mita 5. Ikasaidia, lakini si kabisa. Ndani ya mashine kuna mikono miwili inayozunguka na kurusha maji kupitia matundu madogo. Niliichomoa nikakuta matundu yamezibwa na mbegu za nyanya na punje za wali, nikazitoa kwa kijiti cha kuchokolea meno. Mara nyingine kosa ni la mpangaji tu. Sahani kubwa ikisimama vibaya inauzuia mkono usizunguke. Kabla ya kufunga mlango, zungusha mikono hiyo kwa kidole uone kama inapita.

Halafu ikaja harufu. Nilifungua mlango asubuhi moja, nikasikia dagaa! Ilikuwa harufu ile ile niliyomfukuzia binti wa watu. Chini kabisa ya mashine kuna kichujio, na sikuwa nimewahi kukitoa tangu ifike. Kilikuwa kimejaa ugali, magamba na mafuta yaliyoganda, na maji machafu yametuama juu yake. Sasa nakiosha kila wiki kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, pamoja na mpira wa mlango, kwa sababu uchafu hujificha kwenye mikunjo yake. Maji yakizidi kubaki chini hata kichujio kikiwa safi, tazama bomba la kutolea maji machafu huko nyuma, huenda limejikunja. Chomoa waya wa umeme kwanza, tafadhali.

Nilikaa pale sakafuni na kichujio mkononi. Binti yule alikuwa akioshea beseni moja la maji baridi vyombo vya watu 8, kwa sababu nilimkataza kumaliza mkaa kwa kuchemsha maji. Mafuta ya samaki hayaondoki kwa maji baridi. Hospitalini hatuthubutu kuosha hivyo. Chombo husuguliwa kwanza kwa sabuni, kikasuuzwa, ndipo kikachemshwa, maana uchafu ukibaki juu yake kuchemsha hakufai kitu. Nilikuwa nimemnyima mtoto wa mwenzangu maji ya moto, kisha nikamlaumu kwa mafuta.

Lakini glasi ndizo zilizonimaliza. Nilinunua mpya 6, nikaziosha kwa mashine tu, hazikuguswa na mkono wala sponji. Baada ya mwezi zikapauka. Nilimpigia wifi simu, akaniuliza, "Chumvi umetia?" Nikadhani anatania. Kumbe ndani, chini, kuna kisanduku cha chumvi maalumu ya chenga kubwa, ambayo husaidia mashine kuyalainisha maji magumu. Si chumvi ya kupikia, hiyo ni laini mno na huweza kuziba. Maji magumu yakikauka juu ya glasi huacha chokaa yake pale pale.

Akaongeza, "Chukua glasi moja, ilaze kwenye siki dakika 10. Ikitakata, ilikuwa chokaa. Isipotakata, kioo chenyewe kimelika, usihangaike tena."

Zile glasi 12 za kwanza nilikuwa bado nazo kwenye boksi chini ya kitanda. Nilitoa moja, nikailaza kwenye siki. Baada ya dakika 10 niliisuuza, nikaiinua dirishani. Ilikuwa inang'aa kama siku niliyoinunua. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikatoa ya pili, ya tatu, mpaka zote 12.

Usiku ule sikulala vizuri. Mume wangu aliniambia, "Mama, Sikonge si Ulaya." Jumamosi nilipanda basi.

Nilimkuta kwao, ana mtoto mgongoni, anauza chai na vitumbua kando ya barabara. Aliniamkia shikamoo kwa adabu ile ile. Mama yake alinikaribisha kigoda, akaniletea karanga. Nilieleza yote mbele ya mama yake, maana aibu nilimtia yeye na nyumba yao. Nikampa 15,000 yake, na mshahara wa mwezi ambao nilimwachisha bila notisi. Binti alizihesabu, akafunga kwenye pindo la kanga. Hakusema nimekusamehe wala hakusema sikusamehi. Aliniuliza tu kama mtoto wangu alipona. Nikamwambia yupo darasa la nne. Akatabasamu.

Kisha akanimiminia chai kwenye glasi. Niliigeuza mwangani kwa mazoea mabaya ya miaka yote, na ilikuwa safi, haina hata kiwingu.

"Unaosha na nini?" nikamwuliza. Safari hii nilikuwa nauliza kweli.

Akanionyesha pipa chini ya mchirizi wa bati. "Maji ya mvua, mama. Haya ya kisima naoshea, lakini kusuuza ni haya. Kiangazi yakiisha, nakamulia ndimu kwenye beseni la mwisho."

Alikuwa akijua tangu zamani. Nyumbani kwangu kulikuwa na bati kubwa kuliko lao mara tatu, na sikuwahi kuweka hata ndoo chini yake.

Sasa nimeweka pipa. Mashine naiendesha mara tatu kwa wiki, kwa kuwa inakula umeme. Ukikatika katikati naiacha imefungwa mpaka urudi. Siku nyingine tunaosha kwa mabeseni matatu, la kwanza likiwa na maji ya moto, na vyombo vinakauka juani kwenye kichanja. Sufuria zenye masizi haziingii mashineni. Hizo naosha mwenyewe uani, kwa majivu.