Ghorofa ya Nne

Jirani yetu wa Matemwe ni mjane, na wanawe wote wako mjini. Likizo iliyopita nilimkuta akibishana na mwanawe wa kwanza, aliyekuja kumchukua wakaishi pamoja Michenzani, ghorofa ya nne. "Nikipanda huko," alisema bibi, "nitashuka na jeneza."

Majumba yale ya maendeleo, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yaliwapa wengi makazi ya kudumu. Sifa hiyo isifutwe. Lakini ngazi zake zilifaa miguu ya vijana, na vijana wale leo ni wazee. Yakikarabatiwa, rangi mpya pekee haitoshi: wazee wapewe vyumba vya chini, na ngazi zitiwe vishikio.

Bibi wa Matemwe anahitaji kidogo zaidi ya hapo. Choo kiko uani, na usiku hukifikia kwa kupapasa ukuta. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, ni msaada mkubwa jikoni, haijengi choo.

Darasani tunafundishwa kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Cha bibi ni nini? Paa analo. Analo pia baraza, anakoamkiwa na kila mpita njia, na watoto wa kuwatuma dukani. Hayo ghorofa ya nne hayapandi.

Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, aliyoianzisha Papa Fransisko mwaka 2021, sisi huwapelekea wazee sabuni na sukari. Safari hii ningependa vijana wa parokia tubebe saruji na mwiko, wala tusiulize mzee ni wa dini gani. Mimi na mwanawe tumekwisha kupima: kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua 17.