Australia Kusini: Huku zabibu, kule vumbi

JINA la Australia likitajwa, wengi wetu hukumbuka mji wa Sydney na jumba lake maarufu la muziki, au kangaruu aliyembeba mwanawe mfukoni. Leo nakualika tuzuru jimbo ambalo wageni wengi hulipita juu kwa juu ndani ya ndege. Jimbo lenyewe ni Australia Kusini, na mji wake mkuu huitwa Adelaide.

Hebu kwanza tupime ukubwa wake. Jimbo hili lina karibu kilomita mraba 984,000. Ukiichukua Kenya nzima ukaitandaza humo, kisha ukaongeza nusu ya Kenya nyingine, bado nafasi itabaki. Hata hivyo, watu wake hawafiki milioni mbili, ilhali hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Nairobi peke yake ina zaidi ya milioni nne. Tena wengi wa watu hao wamebanana Adelaide na vitongoji vyake, karibu na bahari.

Je, kwa nini nchi kubwa namna hiyo iwe tupu? Jibu ni neno moja tu: maji. Hili ndilo jimbo kavu kuliko yote katika bara ambalo ndilo kavu zaidi kati ya mabara yanayokaliwa na watu. Weka neno hilo akilini, kwa maana litatufuata safari nzima.

Ukishuka Adelaide, rudisha macho kwenye saa yako. Jioni ya saa kumi na mbili Nairobi, huku ni saa sita unusu usiku wa manane. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, kwa hivyo anayekodi gari hatapata taabu. Kabla ya Wazungu kufika mwaka 1836, ardhi hii ilikuwa ya watu wa jamii ya Kaurna. Mji ulichorwa na Kanali William Light, ambaye aliuzungushia ukanda wa bustani ambao ungalipo hadi leo. Akina mama watafurahi kujua kwamba bunge la hapa lilipitisha sheria mwaka 1894 iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura na pia ya kugombea ubunge, wakati nchi nyingi hazijaota hata ndoto hiyo.

Watoto wakichoka na habari za historia, wapandishe tramu inayotoka katikati ya mji hadi ufuo wa Glenelg, wakacheze mchangani.

MIZABIBU YA WAZEE

Kutoka Adelaide, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea kaskazini mashariki utakufikisha katika bonde la Barossa. Hapo utaona mizabibu imepangwa mistari kwa mistari kama majani chai ya Kericho, na minara ya makanisa ikichungulia kati ya miti. Makanisa hayo ni ya Kilutheri. Yalijengwa na Wajerumani waliohama Prussia kwa sababu mfalme wao aliwalazimisha wafuate ibada wasiyoitaka. Kijiji chao cha kwanza bondeni humo, Bethany, kilianzishwa mwaka 1842. Hadi leo utauziwa soseji na keki za Kijerumani katika maduka ya huko.

Iwapo hutumii kileo, usidhani bonde hili halikuhusu. Nenda uione mizabibu yenyewe. Kuna mashina yaliyopandwa mwaka 1843 ambayo bado huzaa. Katika karne ya 19, kidudu kidogo kiitwacho filoksera kiliangamiza mashamba ya Ulaya kwa kula mizizi. Australia Kusini haikuguswa, na ndiyo sababu baadhi ya mizabibu mikongwe zaidi duniani imo humu. Wenyeji wanailinda kama mboni ya jicho. Usiingie shambani mwa mtu bila ruhusa, kwani udongo ulioganda kwenye viatu vyako waweza kuleta msiba. Aidha, ukiingia jimboni kwa barabara kutoka majimbo jirani, utaamriwa utupe matunda yote uliyobeba, kwa hofu ya nzi wa matunda.

MSTARI WA MPIMA ARDHI

Sasa tushike njia ya kaskazini. Mashamba ya ngano yatakusindikiza kwa muda mrefu, kisha karibu na mji mdogo wa Orroroo mambo yatabadilika. Ngano itaanza kutoweka. Utaona vichaka vifupi vya rangi ya kijivu ambavyo majani yake yana chumvi. Hapo, msomaji wangu, umevuka Mstari wa Goyder.

George Goyder alikuwa mpima mkuu wa ardhi wa koloni hili. Mwaka 1865, baada ya ukame mkali kuwaua kondoo wengi, serikali ilimtuma akatazame mpaka wa ukame huo. Goyder alipanda farasi akazunguka maelfu ya kilomita. Hakuwa na rekodi za mvua za miaka mingi kama tulizo nazo siku hizi. Alisoma mimea. Pale vichaka vya chumvi vilipoanzia, alijua mvua ya kutegemewa imekwisha. Akachora mstari ramanini: kusini mwake mkulima alime, kaskazini mwake mfugaji achunge.

Wakulima walimcheka. Miaka iliyofuata mvua ilinyesha vizuri, na nyasi zikaota hata kule alikokukataza. Watu wakashika msemo uliokuwa ukivuma wakati huo kwamba mvua hulifuata jembe, yaani wewe lima tu, mawingu yatakuja yenyewe. Mwaka 1874 serikali ilikubali shinikizo lao na kuuondoa mstari huo katika sheria. Familia zikapakia watoto, jembe na mbegu katika mikokoteni zikaelekea kaskazini.

Ukitaka kujua yaliyowapata, endelea na safari hadi mahali paitwapo Farina. Jina hilo maana yake ni unga. Mji huo ulipimwa mwaka 1878 kwa matumaini kwamba ungezungukwa na bahari ya ngano. Kuanzia mwaka 1880 ukame ukarudi. Ngano haikuota, na iliyoota ilikauka. Farina uliishi kwa reli na mifugo kwa miaka kadhaa, kisha ukafa. Leo utapokewa na kuta za mawe zisizo na mapaa. Katikati ya magofu hayo lipo tanuri la mikate lililojengwa chini ya ardhi. Watu wa kujitolea wamelifufua, na kila mwaka wakati wa baridi huoka mikate humo na kuwauzia wasafiri. Naam, mji uliopewa jina la unga hatimaye umepata mkate, lakini unga unaletwa kwa lori.

Kabla ya kufika Farina utakuwa umepitia milima ya Flinders, nchi ya watu wa Adnyamathanha. Usikose kusimama Ikara, ambako ramani za zamani huita Wilpena Pound. Ni duara kubwa la milima kama bakuli, na kwa desturi za wenyeji lilifanywa na majoka mawili makubwa. Ndani ya bakuli hilo familia moja ya walowezi ilijaribu kupanda ngano mwanzoni mwa karne ya 20. Walihangaika kutengeneza barabara kupitia korongo. Mwaka 1914 mafuriko yakaizoa barabara yote, wakakata tamaa wakaondoka. Nyumba yao ingali pale. Ingia uone jinsi vyumba vilivyo vidogo, kisha ufikirie mama aliyepika humo akingoja mvua, na ilipokuja ikaja kwa hasira.

NGAMIA NA WATU WA CHINI

Kaskazini mwa Farina kuna mji wa Marree. Hapo msomaji kutoka Garissa au Wajir atajihisi yuko nyumbani, kwani hii ilikuwa nchi ya ngamia. Mwaka 1866 tajiri mmoja, Thomas Elder, alileta zaidi ya ngamia 100 kutoka Karachi pamoja na wachungaji wao. Watu hao waliitwa Waafghani, ingawa wengi walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Ndio waliobeba chakula, pamba ya kondoo na nguzo za telegrafu katika nyika isiyopitika kwa farasi. Huko Adelaide walisaidia kujenga msikiti mwaka 1888, na Marree waliswali katika msikiti wa udongo. Treni mashuhuri ya The Ghan imerithi jina lao. Malori yalipoingia, ngamia wakafunguliwa waende zao, na hadi leo wako maelfu kwa maelfu porini.

Karibu na hapo kuna ziwa Kati Thanda, liitwalo pia Eyre, ambalo sakafu yake iko kama mita 15 chini ya usawa wa bahari. Mara nyingi ni chumvi tupu inayometameta. Mafuriko yakitoka mbali Queensland, kama ilivyokuwa mwaka 2025, ziwa hupata maji na ndege huja kwa makundi makubwa.

Magharibi zaidi, kilomita 850 hivi kutoka Adelaide, kuna mji wa Coober Pedy. Vito vya opali viligunduliwa hapo mwaka 1915 na kijana wa miaka 14. Joto la kiangazi hupita nyuzi 40, basi watu wengi wameamua kuishi ndani ya mapango waliyoyachimba, na hata makanisa yamo ardhini. Onyo moja: usirudi kinyumenyume ukipiga picha. Mashimo ya wachimbaji ni mengi mno, na hayana uzio.

TURUDI BAHARINI

Ukishakula vumbi kiasi hicho, rudi kusini uvuke kwa feri kutoka Cape Jervis hadi kisiwa cha Kangaroo. Ni mwendo wa dakika 45 tu. Simba wa baharini hulala ufuoni Seal Bay kama watu waliokesha arusini. Onja asali ya nyuki wa asili ya Italia, waliolindwa kwa sheria tangu mwaka 1885. Karibu nusu ya kisiwa iliteketea kwa moto wa msituni kati ya Desemba 2019 na Januari 2020, lakini miti imeanza tena kuchipuka.

Kwa familia za Kenya, likizo ya Agosti ndiyo inayofaa. Huko ni majira ya baridi, nyika haichomi, na nyangumi huwa wamekuja na watoto wao katika ghuba kubwa ya kusini. Beba sweta, na uombe viza mapema.

Lakini usirudi na picha za kangaruu pekee. Wakulima walirudi nyuma ya Mstari wa Goyder wakiwa wamefilisika, na tangu hapo jina la mpima ardhi yule huheshimiwa. Sasa wataalamu wanahofu kwamba kwa kuwa dunia inazidi kuwa na joto, mstari wenyewe huenda ukasogea kusini, kuelekea yale mashamba ya ngano na mizabibu. Nasi ambao zaidi ya asilimia 80 ya nchi yetu ni kame, tunaogawana vipande vya nyika tukipanda mahindi kwa kuwa mwaka jana yalistawi, tuna la kujifunza. Goyder hakuwa nabii. Alishuka kwenye farasi akatazama kinachoota.