Nani Atawazika? Maoni ya Sebuleni Kosele juu ya Filamu Chache

Uhakiki wa filamu katika vyuo vya Afrika Mashariki umezoea kuanza na mtunzi, ukapitia fani na maudhui, kisha ukaimalizia hadhira kwa aya moja au mbili, kana kwamba hadhira ni mkia wa kazi. Maoni ya watazamaji wa kawaida, wanaosema huku wakichambua maharagwe au wakisubiri chai ichemke, huhesabiwa kuwa porojo. Hayana istilahi wala hitimisho. Hata hivyo, mtu akiyasikiliza kwa muda wa kutosha atagundua kwamba aghalabu yana jambo ambalo uhakiki wa kitaaluma husahau kuwa nalo, yaani kipimo. Mtazamaji wa namna hii anajua anachoidai hadithi, na hadithi isipokitoa, yeye hasiti kusema.

Mfano mmoja wa kipimo hicho unapatikana katika nyumba moja ya Kosele, kituo cha biashara kilicho jirani na mji wa Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay. Mwenye nyumba ni mama mjane aliyekwisha kupita umri wa miaka 70. Mwenzi wake wa kutazama filamu ni mjukuu wake wa kiume, aliyeianza kazi hiyo akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi na ambaye sasa amemaliza sekondari. Mjukuu humwita bibi yake "dani", naye dani humwita "nyakwara". Televisheni yao ni ndogo, sauti yake hukwaruza, na filamu huletwa kwa flashi kutoka duka moja la sokoni.

Nyingi ya filamu hizo ni za mapigano, zilizotengenezwa Hong Kong, India na Marekani, na huja zikiwa na sauti ya pili iliyowekwa juu ya sauti ya asili. Nchini Kenya sauti inayojulikana zaidi ni ya DJ Afro, ambaye husimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Tanzania ilimjua Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, na Uganda ina wasimulizi wake wa Kiganda. Wala jambo hili si geni katika eneo hili. Mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, ulitembeza picha vijijini huku maneno yakitoka katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Kwa hiyo, tangu mwanzo wake hapa, picha imekuwa ikitoka mahali pamoja na sauti mahali pengine.

Katika nyumba hii ya Kosele kuna sauti ya tatu. Kiswahili cha dani ni cha sokoni, hakiwezi kukimbizana na Sheng ya msimulizi. Hivyo mjukuu hukaa kwenye kigoda karibu na goti lake na kumfasiria kwa Kijaluo. Filamu inasimulia, msimulizi anaisimulia filamu, na kijana anamsimulia msimulizi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapana shaka atakumbuka siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto wa Kijaluo walifundishwa sigana na vitendawili. Tofauti ni kwamba hapa mtoto ndiye fanani, na bibi ndiye hadhira.

Usiku mmoja wa mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, wawili hao walikuwa wakitazama filamu ambayo shujaa wake aliingia ghalani peke yake na kuwaangusha watu wapatao ishirini. Msimulizi alishangilia, mjukuu akashangilia pamoja naye. Dani aliuliza:

"Hawa watazikwa na nani?"

"Dani, hao ni watu wabaya."

"Sikuuliza tabia zao. Nimeuliza nani atawazika."

Kijana alicheka, na filamu ikaendelea. Lakini swali hilo halikuwa la mzaha. Wiki chache kabla ya usiku ule, dani alikuwa amefiwa na ndugu yake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, aliyefia Nairobi. Kanuni za wakati huo ziliruhusu waombolezaji wasiozidi 15. Maiti ilifikishwa nyumbani kwao upande wa Kendu Bay, ikazikwa upesi kabla ya adhuhuri. Dani, kwa umri wake, aliombwa abaki Kosele. Habari za kaburi alizipata kwa simu, na aliyeishika simu hiyo sikioni mwake alikuwa mjukuu huyu huyu.

Uzito wa jambo hilo kwa Mjaluo hauhitaji maelezo marefu. S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake walishindana mahakamani kwa miezi kadhaa juu ya mahali pa kumzika, na nchi nzima ikafuatilia hadi alipozikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Katika jamii ambayo kaburi linaweza kupiganiwa hivyo, swali la nani atamzika nani ni swali la msingi juu ya thamani ya mtu. Kwa sababu hiyo, tangu usiku ule dani alianza kuipima kila filamu kwa swali hilo hilo.

Filamu ya kwanza kufaulu ilikuwa Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Jo, msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona na anayependa filamu za mashujaa, anarudishwa kijijini na mama yake. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na hatimaye kijiji kizima kinashiriki kumtengenezea filamu yake. Miongoni mwao yumo Mike, kijana mwenye kibanda cha video, ambaye huwasimulia watazamaji wake filamu. Mjukuu alimpenda Mike kuliko wote, kwani kwa mara ya kwanza alikuwa ameiona kazi yake mwenyewe ndani ya filamu. Dani alisema maneno mawili tu: "Wamefanya matanga." Kwa maoni yake, kijiji kilichokusanyika kwa ajili ya filamu ya mtoto kilikuwa kimekusanyika kumwaga mtoto, na kilianza kazi hiyo angali hai, jambo ambalo wengi hulijutia kutolifanya. Mhakiki anayeliona onyesho lile kuwa sifa kwa sanaa ya filamu hakosei, lakini sentensi ya dani imefika ndani zaidi.

Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya ilimfurahisha na kumkera. Wahusika wake ni wafu waliokwama katika hoteli ya kitalii nyikani, ambao hawawezi kuondoka mpaka wapatane na yale waliyoyatenda. Kwamba wafu huweza kukosa utulivu, dani hakubisha. Alichokataa ni mandhari. Mfu asiyetulia, alisema, huja nyumbani kuwasumbua wanaomjua. Haendi kukaa hotelini pamoja na wageni. Ni uhakiki wa kuchekesha, lakini umegusa jambo la kweli: wafu wa filamu hii ni wa tabaka la kati la mjini, na kila mmoja anapambana na dhamiri yake peke yake, bila ukoo wa kumdai wala wa kumsamehe.

Mzozo mkubwa ulizuka juu ya Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaangukia katika genge la wezi, na mwishoni wenzake wanauawa, naye anafika jukwaani akiwa hai. Dani aliihukumu mara moja: vijana wale wameachwa sakafuni kama wale wa ghalani. Safari hii mjukuu hakucheka. Alijibu kwamba wale wa ghalani waliachwa kwa sababu mtunzi aliwasahau, ilhali hawa waliachwa ili mtazamaji asiweze kuwasahau. Mwas anaposimama jukwaani, alisema, anawabeba wote mgongoni. Dani alinyamaza, kisha akauliza kama mama zao waliambiwa. Kijana akasema kwamba hilo ndilo filamu inalotaka watu waulize.

Katika mabishano hayo ya dakika chache mlipatikana utofautishaji ambao ungeweza kujaza sura nzima ya tasnifu. Kuna kimya cha uzembe, na kuna kimya cha shutuma. Kifo kisichoombolezwa ndani ya kazi kinaweza kuwa dosari ya mtunzi au mashtaka yake dhidi ya jamii. Tofauti haipatikani katika tukio lenyewe, bali katika namna kazi inavyomwelekeza mtazamaji kwenye pengo lililoachwa.

Mwishoni mwa mwaka 2022, mjukuu alimpeleka dani Kisumu kutazama Black Panther: Wakanda Forever ya Ryan Coogler. Filamu ya kwanza ya mfululizo huo ilizinduliwa Kisumu tarehe 13 Februari 2018 kwa heshima ya Lupita Nyong'o, binti wa eneo hilo, lakini dani aliitazama baadaye, nyumbani, kutoka kwenye flashi. Kutoka humo alikumbuka jambo moja ambalo wahakiki wengi hawakulitaja: mfalme aliyetupwa mtoni aliokolewa na mvuvi, na mvuvi huyo hakupewa jina wala shukrani. Kwa mtu aliyezaliwa kando ya ziwa, hilo lilikuwa kosa la adabu.

Matatu iliwapitisha Sondu na Ahero. Katika jumba la sinema hapakuwa na DJ, na kijana aliona haya kufasiri kwa sauti mbele za watu. Alikuwa amejiandaa kunong'ona. Haikuhitajika. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020, na watengenezaji hawakumweka mwigizaji mwingine mahali pake. Walimzika mfalme. Filamu inaanza kwa kifo chake na mazishi yake: umati uliovaa nyeupe, ngoma na wachezaji barabarani, jeneza mabegani. Dani alianza kulia kwa sauti, kilio cha mwanamke anayeingia katika boma lenye msiba. Watu wa safu ya mbele waligeuka, wakaona umri wake, wakarudisha nyuso zao kwenye picha.

Njiani kurudi alitoa maoni yake. Huyu alizikwa na watu wengi. Dada yake, Shuri, alikosea kukataa kuichoma nguo ya msiba pamoja na mama yake, na alifanya vyema kuichoma mwishoni, kwa maana kilio lazima kiondolewe. Namor, ingawa ni adui, ana haki yake, kwani alirudi nchi kavu kumzika mama yake katika ardhi aliyoitamani. Halafu, matatu ilipokaribia Oyugis, alikumbuka pigano la mwisho. "Na wale waliotumbukia baharini?" Kipimo hakikulegezwa kwa sababu ya machozi.

Yapo mambo ya kupinga katika kipimo hiki, na mjukuu ameyasema. Filamu ya mapigano ni mchezo. Ukisimamisha mchezo ili umzike kila aanguke, hapatakuwa na filamu. Kila utanzu una kanuni zake. Sungura wa ngano huua na kudanganya, na hakuna anayetandika mkeka wa matanga. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, dani anao utetezi kutoka katika utanzu wake mwenyewe. Katika sigana alizofunzwa, zimwi humeza watu wa kijiji kizima, lakini linapouawa hukatwa, na waliomezwa hutoka wakiwa hai, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mifugo yao. Msimulizi hafungi kwa kusema "tinda" mpaka awe ametoa hesabu ya watu wake. Kwa hiyo dani haiombi filamu ya mapigano iwe tanzia. Anaidai hesabu, kama ngano inavyodaiwa.

Kijana hakukubali hoja hiyo waziwazi, ila kazi yake ya ufasiri imebadilika. Siku hizi, baada ya pigano kubwa, wakati shujaa anapoendesha gari kuelekea mjini na DJ akimsifu, mjukuu huongeza kwa Kijaluo sentensi ambazo hazimo katika picha wala katika Kiswahili cha msimulizi. Husema kwamba jioni hiyo ndugu za walioanguka walikuja na mkokoteni, wakawachukua, kila mmoja akapelekwa kwao.

Dani hakudanganyika. Mara ya kwanza aliuliza kama maneno hayo yametoka kwenye televisheni au kinywani mwa nyakwara. Akaambiwa yametoka kinywani. Akauliza walikuwa wangapi waliokuja kuwachukua. Kijana alifikiri kidogo, akasema walikuwa wengi, zaidi ya 15.

"Basi endelea," alisema dani.